Chipsi mayai kila jioni: je, ni lazima niziache kabisa?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni dereva wa bajaji hapa Kigoma mjini, nina miaka 36. Mke wangu alihamishiwa Kasulu kikazi miaka miwili iliyopita, nami nimebaki kwenye chumba cha kupanga Mwanga. Asubuhi nakunywa chai na maandazi mawili, mchana mara nyingi sili kwa sababu ya abiria, na usiku kwenye saa 3 napita kibandani kwa chipsi mayai na soda baridi. Nilikuwa na kilo 71, sasa nina 84, na urefu wangu ni sentimita 168. Wiki iliyopita nilipima presha duka la dawa wakaniambia ni 142 kwa 91. Baba yangu ana kisukari. Wenzangu wananiambia nikishakula chipsi ninywe maji ya moto yenye limau ili yakate mafuta, na mmoja anasema tatizo ni haya mafuta ya dukani, nitafute kibanda kinachokaangia mawese. Je, niache chipsi kabisa? Nikihamia mihogo na mishikaki nitakuwa salama? Kupika mwenyewe kila siku siwezi."

Marahaba, ndugu yangu. Nashukuru kwamba umeandika kwa uwazi na ukanipa vipimo, kwa maana ushauri wa chakula usio na vipimo huwa ni wa kubahatisha. Nikiisoma barua yako naona hofu mbili zilizofungwa pamoja: moja ni ya sahani iliyo mbele yako kila usiku, na nyingine ni ya ugonjwa uliouona kwa mzazi wako na ambao sasa unahisi unakunyemelea. Hofu zote mbili zina msingi, ila dawa ya hofu hizo siyo kuapa kwamba hutagusa chipsi tena maishani. Nimewaona wengi wakiapa hivyo, wakavumilia wiki tatu, kisha wakarudi kibandani na kula kuliko mwanzo. Kinachopaswa kubadilika ni namna unavyoagiza, ni mara ngapi kwa wiki unaagiza, kile unachokunywa pembeni, na ile njaa ya kutwa nzima unayofika nayo pale kibandani.

Naomba tuyaondoe maji ya limau njiani kwanza, kwa sababu imani hii imeenea sana na inawafanya watu wale bila kujali wakidhani wana kinga. Mafuta yakishamezwa hayagandi tumboni kama yanavyoganda kwenye sufuria iliyoachwa usiku, kwani ndani ya mwili kuna joto la nyuzi 37 wakati wote. Yakifika kwenye utumbo mdogo, nyongo inayotengenezwa na ini huyagawa kuwa matone madogo mno, kisha vimeng'enya vya kongosho huyakatakata, na karibu mafuta yote uliyokula hufyonzwa na kuingia mwilini. Kazi hiyo hufanyika vilevile ukinywa maji ya moto, ukinywa maji ya baridi, au usipokunywa kitu. Maji yenye limau ni kinywaji kizuri, na ukiyanywa badala ya soda utakuwa umefanya jambo la maana sana, lakini hayakati mafuta uliyokwisha kuyala. Mafuta hupunguzwa kabla hayajaingia kinywani, na hapo ndipo napenda tukae kidogo.

Jioni moja, kabla hujaagiza, simama karibu na karai uangalie safari ya zile chipsi. Viazi vilikatwa mchana na kukaangwa nusu, vikarundikwa kwenye kabati la kioo ili mteja asisubiri. Ukifika wewe, fungu lako linarudishwa kwenye mafuta ya moto mpaka likolee rangi. Kisha linainuliwa kwa chujio na mara nyingi, kwa sababu foleni ni ndefu, linamwagwa moja kwa moja kwenye kikaango kidogo ambacho nacho kimeshatiwa mafuta yake, ndipo mayai yaliyopigwa na vitunguu yanamiminwa juu. Maana yake ni kwamba kiazi kimoja kimekutana na mafuta mara tatu kabla hakijakufikia.

Kiazi kibichi ni maji kwa takribani sehemu nne kati ya tano. Kinapotumbukizwa kwenye mafuta yenye joto kali, maji yaliyo karibu na ngozi yake huchemka na kutoka kwa kasi kama mvuke, na yale mapovu unayoyaona yakichemka karaini ndiyo mvuke huo. Wakati mvuke unasukuma kutoka nje, mafuta hayapati nafasi kubwa ya kupenya. Hatari iko katika sekunde zinazofuata baada ya chipsi kuinuliwa: mvuke uliobaki ndani ya vishimo vidogo vya kiazi hupoa na kusinyaa, na kile kisichotarajiwa na wengi hutokea, yaani mafuta yaliyogandamana juu ya ngozi huvutwa kuingia ndani, kama sponji inayoachiwa baada ya kukamuliwa. Sehemu kubwa ya mafuta huingia wakati huo. Ndiyo sababu mkaangaji anayeinua chujio na kulitingisha kwa nguvu juu ya karai, akaliacha lichuruzike chipsi zikiwa bado za moto, anakuuzia chakula tofauti na yule anayemwaga papo hapo, ingawa viazi na mafuta ni vilevile. Ukitaka kuliona kwa macho, chukua kipande kutoka kwa kila mmoja, ukiweke juu ya karatasi kavu, na utazame ukubwa wa doa linalobaki.

Mafuta yasiyo na joto la kutosha nayo huongeza tatizo. Mkaangaji akijaza karai kupita kiasi, joto linashuka, mvuke unatoka kwa unyonge, viazi vinakaa ndani muda mrefu na kutoka vikiwa laini na vizito kwa mafuta. Chipsi zilizokatwa nyembamba sana pia hubeba mafuta mengi zaidi kuliko zilizokatwa nene, kwa kuwa ngozi inayogusana na mafuta ni kubwa kulinganisha na kiazi kilichomo. Kwa hiyo ukiona kibanda kinachokata viazi vinene, kikakaanga kidogo kidogo katika mafuta yaliyochangamka, hapo pana nafuu ya kweli.

Sasa tazama maana yake kwa uzito wako. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha zina nishati isiyozidi kilokalori 90 hivi, wakati gramu 100 za chipsi zinakaribia 300, kwa sababu maji yametoka na mafuta yameingia. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, kama kile kinachotangulia mayai kwenye kikaango, kina kilokalori 120 hivi, nayo mayai mawili yenyewe yana 140 tu pamoja na protini nzuri ya gramu 12. Kwa hiyo usiyalaumu mayai. Katika sahani ile ndiyo kitu bora kuliko vyote.

Soda ndiyo inayonisikitisha zaidi. Chupa ya mililita 350 ya kola ina sukari ya gramu 37 hivi, na kama unachukua ile ya plastiki ya nusu lita, sukari inazidi gramu 50. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana isizidi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja ndogo tayari imevuka mpaka huo wa pili, na bado hatujahesabu sukari ya chai yako ya asubuhi wala ya maandazi. Umeongezeka kilo 13 katika miaka miwili. Kila kilo ya mafuta ya mwilini ni akiba ya takribani kilokalori 7,700, na ukigawanya akiba yote hiyo kwa siku za miaka miwili utapata ziada ya kilokalori 140 kwa siku, ambayo ni karibu sawa na chupa moja ndogo ya soda. Hesabu hii ni ya juu juu, kwa sababu mwili unaoongezeka uzito nao hutumia nishati zaidi, hivyo ziada yako ya kweli ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Lakini inatosha kukuonyesha kwamba kilo hizo hazikuletwa na ulafi. Zimejengwa na kitu kidogo kinachorudiwa kila siku. Juisi ya miwa, ambayo watu huikimbilia wakidhani ni salama kwa kuwa imetoka shambani, kwa upande wa sukari haina tofauti ya maana na soda.

Kuna jambo jingine katika barua yako ulilolitaja kwa haraka, nami naliona kuwa ndilo mzizi: mchana huli. Mtu aliyekunywa chai na maandazi saa 1 asubuhi, akaendesha bajaji juani mpaka saa 3 usiku, hawezi kuagiza kwa busara. Anakula haraka, na taarifa ya kushiba inayotoka tumboni na kwenye utumbo kwenda kwenye ubongo huchukua kama dakika 20, hivyo sahani inakuwa imekwisha kabla taarifa haijafika. Isitoshe, uwezo wa mwili kushughulikia sukari huwa mdogo usiku kuliko asubuhi. Wanga wa viazi na sukari ya soda huingia kwenye damu, kongosho hutoa insulini ili kuiondoa sukari hiyo, na wewe unapanda kitandani baada ya saa moja misuli ikiwa haina kazi ya kufanya. Kwa mtu ambaye mzazi wake ana kisukari, kongosho halistahili kupewa mzigo huo kila usiku kwa miaka.

Kuhusu mafuta yenyewe, rafiki yako amegusa jambo la kweli kisha akafikia jibu lisilo sahihi. Ni kweli kwamba mafuta yanayopashwa tena na tena huharibika: hewa na joto huyavunjavunja, yanakuwa meusi na mazito, yanatoa povu lisilokwisha na moshi mapema, na kuacha harufu kali inayong'ang'ania kwenye nguo. Lakini mawese nayo huharibika vivyo hivyo. Nchini Malaysia yamefanywa majaribio ya kuwalisha panya mafuta ya mawese yaliyopashwa mara tano na mara kumi, na shinikizo la damu la panya hao likapanda. Panya si binadamu, na sitaki kukutisha kwa panya, ila hiyo ni sababu tosha ya kutoyaona mawese kama kinga. Wekundu wa mawese yetu unatokana na viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, na kijiko kimoja kwenye maharage au mboga ya majani ni chakula chema ambacho watu wa Kigoma wamekila tangu zamani. Yakichemshwa karaini mpaka yapauke, viini hivyo vinateketea, na kinachobaki ni mafuta ambayo karibu nusu yake ni ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya. Basi chagua kibanda kwa kutazama rangi, povu na moshi wa mafuta yake, usichague kwa jina la mafuta.

Umeuliza pia juu ya mihogo na mishikaki. Mihogo ya kukaanga haikusaidii, kwani ni wanga na mafuta kama chipsi, tena ina protini kidogo kuliko hata kiazi. Mihogo ya kuchoma, ndizi za kuchoma na viazi vitamu vya kuchemsha ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa mafuta hayapo. Mishikaki minne au mitano ya nyama isiyo na vipande vya mafuta, pamoja na ndizi mbili za kuchoma na kachumbari ya kutosha, ni mlo wa usiku ambao ningekupongeza kwa kuula. Angalia tu chumvi, na uondoe sehemu zilizoungua na kuwa mkaa. Lakini, ndugu yangu, unaishi mji ambao boti za Kibirizi huleta dagaa na migebuka kutoka ziwani, na inaniuma kuona vijana wa hapa wakipita mbele ya samaki wa kuchoma kwenda kutafuta chipsi. Mgebuka wa kuchoma unakupa protini inayoshibisha kwa muda mrefu na aina ya mafuta ambayo moyo unayapenda.

Siku utakayokula chipsi, na ningependa iwe mara moja au mbili kwa wiki, zungumza na mkaangaji kabla hajaanza. Mwambie hivi: "Kaka, nipe chipsi nusu sahani, zichuje vizuri kabla hujazitia kwenye kikaango, mafuta weka kidogo sana, mayai mawili, chumvi usinyunyize, na kachumbari uzidishe." Mara ya kwanza huenda akakushangaa, na mwingine akakataa kwa sababu ya foleni, lakini mteja wa kila wiki ana nguvu kuliko anavyodhani, na baada ya mara tatu atakuwa anakujua. Chumvi nimeitaja kwa sababu ya presha yako: kiwango kinachoshauriwa kwa siku nzima ni chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyomo kwenye mkate, mboga na ile sosi ya nyanya ya chupa, ambayo ina chumvi na sukari kwa pamoja. Kachumbari nayo iombe iwe imekatwa muda huohuo, nyanya na vitunguu vikiwa vimeoshwa kwa maji safi, maana kachumbari iliyoshinda juani inaweza kukuletea ugonjwa wa tumbo.

Hata hivyo, badiliko ambalo ningelipa uzito kuliko yote ni la mchana. Tenga nusu saa kwenye saa 7 au saa 8, abiria wanapopungua, ukae kwa mama lishe aliye karibu na kijiwe chenu, uagize ugali wa kadiri, maharage au dagaa, na mchicha au matembele mengi kuliko ugali. Najua nusu saa hiyo ni pesa, nami sidharau hesabu ya siku ya mtu mwenye marejesho ya kupeleka kwa mwenye chombo. Lakini ukila mchana, sahani yako ya usiku itapungua yenyewe bila kupigana nayo, na hata mfuko utaona tofauti ya soda usiyoinunua. Asubuhi badilisha maandazi kwa yai la kuchemsha na kiazi kitamu, na sukari ya chai uishushe taratibu, nusu kijiko kila wiki, mpaka ulimi uzoee. Huhitaji kupika kila siku. Ukipika mara mbili kwa wiki, dagaa wakavu na ugali havizidi nusu saa jikoni.

Umepata uzito unaokaribia mpaka wa unene uliokithiri kwa urefu wako, lakini huhitaji kurudi kwenye kilo 71 ndipo upate faida. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliowahusisha watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, ulionyesha kwamba waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa haraka jumla ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwa uzito wako, asilimia 7 ni kilo 6 tu. Ukizipunguza katika miezi 6, utakuwa umekwenda vizuri sana, na usimsikilize atakayekuuzia dawa ya kuziondoa kwa wiki mbili.

Sasa nije kwenye presha, ambayo siwezi kuimaliza kwa maandishi. Kipimo cha 142 kwa 91 kiko juu ya mpaka wa 140 kwa 90, lakini kipimo kimoja cha dukani, pengine umetoka juani na kusimama ukingoja, hakitoshi kukuita mgonjwa wala hakitoshi kupuuzwa. Presha hupimwa mtu akiwa ameketi ametulia dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono umewekwa usawa wa moyo, na hajanywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Kisha hurudiwa siku nyingine. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, ndani ya wiki hizi mbili, usingoje mpaka uone kama chakula kitasaidia. Endapo siku yoyote kipimo kitafika 180 kwa 120, au ukapata maumivu ya kifua, kichwa kikali cha ghafla, kupumua kwa shida, kupooza upande mmoja au ulimi kuwa mzito, usipange wiki mbili. Nenda saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku, na usiendeshe mwenyewe. Kiu isiyokwisha, kuamka usiku mara nyingi kwenda kukojoa, macho kufifia au kidonda kisichopona ni dalili za sukari, nazo zinahitaji kupimwa siku hiyohiyo.

Hata kama huna dalili hata moja, omba upimwe sukari safari hiyohiyo, kwa ajili ya historia ya baba yako. Wakati mwingine kisukari hukaa mwilini kwa miaka bila kupiga hodi. Kipimo kizuri ni cha asubuhi kabla hujala, ukiwa umekaa saa 8 au zaidi bila kitu chochote isipokuwa maji, na matokeo ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi yatarudiwa ili kuthibitisha kabla hujaanzishiwa matibabu. Hata ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, hiyo si ya kufurahia. Ni hali ile ambayo kilo 6 zinaweza kuigeuza. Chai na maandazi ya siku hiyo yaache mpaka damu iwe imeshachukuliwa, bajaji umwachie mwenzako wa kijiweni kwa asubuhi moja, na uwahi kufika kabla foleni haijawa ndefu, ili njaa isikuzidi ukaondoka bila kupimwa.